Mlima hauna vakansi



Watu wengi wakisikia jina la Ruwenzori wanafikiri mara moja wazungu wenye mabegi makubwa mgongoni, kamba begani na viatu vizito, wanaokuja kwa juma moja kisha wanarudi kwao. Hata sisi tuliozaliwa chini ya mlima huo, pale Mutwanga, tulikua tukisikia wakubwa wakisema: mlima ni wa wageni, shamba ni letu. Nimekaa na neno hilo miaka mingi. Leo nataka kuwaambia kwa nini silikubali, na kwa nini naona linawahusu watoto wetu kuliko wageni.

Wageni huuliza: "Ni mwezi gani mzuri wa kuja?" Mama wa Mutwanga hana haja ya swali hilo. Mlima wetu uko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Hatuna miezi ya baridi kali ya kujifungia nyumbani kama Ulaya. Tuna mvua mara mbili na jua mara mbili, na kila kipindi kinaleta kazi yake, mchezo wake na somo lake. Shule inafunga, biashara inalala, lakini mlima hauna vakansi.

Kwa akina mama ambao hawajafika kwetu, nieleze kidogo. Mutwanga ni makao ya sekta ya Ruwenzori, katika teritwari ya Beni. Ukitoka Beni unafuata barabara ya Kasindi, kisha unaiacha na kuelekea milimani. Karibu na kijiji iko Mutsora, kituo cha Parki ya Virunga. Parki hiyo iliundwa mwaka 1925, nayo ndiyo ya kwanza katika Afrika nzima. Wakati wa Wabelgiji, Mutwanga ilikuwa hata na hoteli ya kupokea wapanda mlima.

Kutoka Mutsora njia inapanda katika bonde la mto Butawu. Ukitembea kutwa unafika Kalonge, nyumba ya kulala wapanda mlima iliyo zaidi ya metre 2000 juu ya bahari. Siku ya pili unafika Mahangu, zaidi ya metre 3300. Siku ya tatu unafika Kiondo, zaidi ya metre 4000, mahali ambapo hakuna duka, hakuna shamba, hakuna moshi wa jirani. Huko juu kuna maziwa madogo ambayo kila moja linaitwa kwa rangi yake: Lac Noir, Lac Vert, Lac Gris. Na juu ya yote iko Margherita, metre 5109, nusu yake Kongo, nusu yake Uganda. Wazungu wa kwanza kufika kwenye kilele hicho walikuwa na mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, mwaka 1906. Lakini wazee wetu walikuwa na jina la mlima zamani za kale: Rwenzururu, mlima wa theluji. Mtu hawezi kuupa mlima jina kama hilo bila kuutazama kila siku.

Sasa tuupitie mwaka.

Mwezi wa kwanza na wa pili ni wa jua. Vumbi linajaa barabarani, matope yanakauka, na asubuhi mbingu inakuwa wazi. Huu ndio wakati wa kuamsha watoto mapema. Watoke mahali ambapo vilima vya mbele haviwazuii kuona, watazame juu kabla ya saa moja. Theluji inaonekana nyeupe, kisha inageuka rangi ya waridi kwa muda mfupi. Ikifika saa tatu, mawingu yamekwisha kufunika kila kitu, na aliyechelewa kulala amekosa. Wanangu walijifunza kuamka bila kelele kwa sababu ya theluji kuliko kwa sababu ya kengele ya shule.

Katika miezi hiyo mito inapungua. Ni wakati wa kuwafundisha watoto mto: jiwe gani linateleza, wapi maji yanavuta, wapi yanatulia. Tunaenda na nguo za kufua, sabuni, maharagi ya kupika na chumvi. Wakubwa wanafua, wadogo wanacheza penye maji ya magotini, na mama mmoja anabaki amesimama bila kazi yoyote isipokuwa kuwahesabu. Maji yanatoka juu kwenye baridi, kwa hiyo mtoto hawezi kukaa ndani kwa muda mrefu. Akianza kutetemeka midomo, anatoka, anafungwa kikwembe, anapewa chai.

Mwezi wa tatu mpaka wa tano ni mvua. Wengi wanafikiri huu ni wakati wa kukaa ndani. Mimi naupenda. Uyoga unatoka, na hapo kanuni ni moja: mtoto anaweza kuona na kuonyesha, lakini hakuna kinachoingia chunguni kabla koko hajakitazama. Vinyonga wanaonekana kwenye majani. Kwetu kuna aina ya pembe tatu, anatembea kama mzee anayetafuta miwani yake. Watoto wengi wamefundishwa kumwogopa kinyonga na kumpiga mawe. Mtoto aliyepewa nafasi ya kumtazama dakika kumi, bila kumgusa, akiona jicho moja likienda mbele na lingine nyuma, hatamrushia jiwe tena.

Somo kubwa la miezi hiyo ni mto uliojaa. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani huku chini kijijini jua linawaka. Mto unabadilika rangi, unaleta majani na vijiti, unaanza kunguruma, kisha unafika wote pamoja. Katika mwezi wa tano mwaka 2020, upande wa pili wa mlima huu, kule Kasese, Uganda, mito ilifurika ikabeba nyumba na kuharibu hospitali. Mlima ni mmoja, mito yake ni ndugu. Kwa hiyo kila mtoto wa kwetu lazima ajue: maji yakianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, usivuke, usirudi kuchukua ndala, panda juu.

Mwezi wa sita na wa saba mvua inapungua tena, na vakansi kubwa zinaingia. Huu ndio wakati wa safari ndefu. Wakati amani ilipokuwepo, vijana walipanda mpaka Kalonge, wachache walifika mbali zaidi. Kwa wasiopanda, ni wakati wa kutembelea ndugu wa vijiji vya kando kwa miguu, wa kusuka vitunga, wa kukaa kando ya moto jioni na kusikia hadithi za Kitasamba, yule ambaye wazee walisema anakaa kwenye theluji. Mwezi wa nane mvua inaanza kurudi, na watoto wanapanda miti na migomba pamoja nasi kabla ya shule kufunguliwa.

Mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili mvua ni nyingi. Masomo yameanza, mama anawaza minervali, daftari na mashati. Safari ni fupi: kwenda shambani kwenye kakao, kuvunja matunda, kunyonya ule utamu mweupe unaozunguka mbegu, kurudi kabla ya mvua ya alasiri. Kisha, karibu na mwezi wa kumi na moja, senene wanafika. Hakuna anayehitaji kuwaamsha watoto siku hiyo. Wanakimbia na vikopo na chupa, wanarudi wakiwa wamelowa, mikono imejaa. Kuchambua mabawa ni kazi ya kuketi pamoja, na hapo mama anasikia habari ambazo mtoto hakusema mwezi mzima.

Huo ndio mwaka wetu, bila tiketi, bila viatu vya bei kubwa. Lakini sitaki mama yeyote afikiri kwamba hayo ya chini yanatosha, na kwamba juu tuwaachie wageni. Mimi nimefika Mahangu, na niseme nilichokiona huko.

Ilikuwa vakansi kubwa ya mwaka 1995. Nilikuwa na miaka 17. Baba yangu alikuwa mbebaji wa mizigo ya wapanda mlima, na vijana wa parokia walipata ruhusa ya kupanda na kiongozi wa parki. Tulikuwa wasichana wanne. Wajomba walimwuliza mama: "Msichana atatafuta nini huko?" Mama alijibu kwamba nitatafuta kile ambacho kaka zangu wanatafuta. Akanifungia makemba ya kuchoma, maharagi na triko ya baba iliyonifika magotini.

Siku ya kwanza ni ya jasho. Unapita mashamba, unaingia msituni, na mara sauti ya kijiji inakatika kama mtu amefunga mlango. Kuna ndege mmoja wa kijani ambaye akiruka unaona mabawa yake ni mekundu kama damu. Sikuwahi kumwona chini. Usiku tukiwa Kalonge nilisikia mnyama akilia kwenye miti, sauti kama mlango wenye kutu, halafu kama mtu anayenyongwa. Wasichana tulishikana mikono. Baba alicheka, akasema ni perere, mnyama mdogo ambaye hazidi sungura kwa ukubwa. Nimekumbuka jambo hilo kila mara niliposikia mtu mdogo akifoka kwa sauti kubwa.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Njia inapita kwenye mianzi, kisha inageuka kuwa ngazi ya mizizi na matope. Unashika mti, mti umefunikwa na kuvu laini kama sponji, mkono unazama. Zaidi ya metre 3000 unaingia kwenye miti ambayo sikuona mfano wake popote: imepinda, imevaa ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi yote. Ukungu unapita kati yake. Hakuna aliyeongea. Baba alinifundisha kupanda: hatua fupi, pumzi kwanza halafu mguu, kunywa maji kabla ya kiu, na kichwa kikiuma sana usijikaze kiume, bali sema, ushushwe. "Mlima haumchukii mtu," alisema, "lakini haumngoji."

Asubuhi pale Mahangu nilitoka nje nikiwa nimejifunga blanketi. Mawingu yalikuwa chini yetu. Yalipofunguka niliona uwanda wa Semliki, wote, na nikajua kwamba mahali fulani kwenye ile rangi ya kijani kulikuwa na nyumba yetu, na mama yangu akiwasha moto. Nilikuwa nimeishi miaka 17 nikifikiri kwamba Mutwanga ni kubwa na mlima uko nyuma yake. Siku hiyo niliona kwamba Mutwanga ni ndogo na imekaa kwenye mapaja ya mlima, kama mtoto. Hakuna mwalimu angeweza kunifundisha hivyo ubaoni.

Mwaka uliofuata vita ilianza. Mnajua yaliyofuata, kila mama anayesoma ukurasa huu ana hesabu yake mwenyewe ya wafu. Kisha mwaka 2014 mauaji ya raia yakaanza kuzunguka Beni. Mwisho wa mwaka 2020 yakafika kwetu, katika sekta ya Ruwenzori. Watu waliuawa mashambani, palepale tulipokuwa tunawafundisha watoto kuvunja kakao. Walinzi wa parki nao wameuawa, zaidi ya 200 kwa jumla katika historia ya Virunga. Wapanda mlima wakaacha kuja. Njia za juu zikaota majani. Na sisi akina mama tukafunga milango, kwa sababu mama anayesikia risasi hafikirii vinyonga.

Sasa kuna watoto wa kwetu wenye miaka 12, waliozaliwa chini ya mlima mkubwa kuliko yote katika nchi yetu, ambao wanaujua kama mahali pa kukimbia tu. Ukiwaambia "mlima," wanasema "waasi." Ukiwaambia "msitu," wanauliza kama kuna askari. Hilo linaniuma kuliko barabara mbovu. Mtu anaweza kujenga tena nyumba iliyochomwa. Lakini mtoto aliyejifunza kuogopa ardhi yake, nani atamrudishia ardhi hiyo moyoni?

Katika kikundi chetu cha akina mama tulizungumza juu ya jambo hili jioni moja baada ya likelemba. Haikuwa rahisi. Mama mmoja aliyempoteza mume wake shambani alisema: "Mnataka kutembeza watoto? Mimi bado ninazika." Hakuna aliyemjibu haraka. Baadaye mama mwingine, mzee, alisema polepole kwamba mtoto anayefungiwa ndani miaka yote hafi, lakini pia hakui. Tulikubaliana kwamba hatutamlazimisha mtu, na kwamba hatutafanya kitu kwa ushujaa. Tukaweka kanuni, na tumezifuata mpaka leo. Naziandika hapa kwa akina mama wa vikundi vingine wanaotaka kujaribu.

Kwanza, ni mara moja tu kwa mwezi, siku ya Jumamosi. Siku mbili mbele tunamwuliza chifu wa kijiji na wale wanaolinda usalama kama njia ni salama. Mmoja wao akisita, hatuendi. Hatuulizi mara ya pili ili tupate jibu tunalolitaka.

Pili, tunatoka saa moja asubuhi na kurudi kabla ya saa sita. Hatupiti njia ileile kila mwezi, na hatutangazi mapema tunakokwenda.

Tatu, mama mmoja kwa watoto watano, si zaidi. Wanahesabiwa tukitoka, tukifika, tukianza kurudi. Kila mtoto anajua jina lake lote, la mama yake na la kijiji chake, hata yule wa miaka minne.

Nne, hatuvuki mpaka wa parki bila ruhusa na bila mlinzi. Na tukiruhusiwa kuingia, hatutoi kitu: si kuni, si mwanzi, si ndege, si mizizi ya dawa. Tunafundisha watoto kwamba kutazama pia ni kuvuna.

Tano, kila mtu anabeba maji yake, kitu cha kula na triko. Viatu vyovyote vinafaa, isipokuwa ndala zilizokatika. Takataka zinarudi nyumbani.

Sita, mwezi ambao hatuwezi kutoka, hatuuachi upite bure. Kuna michezo ya uani. Watoto wanaweka chupa iliyokatwa nje, wanapima mvua kwa rula na kuandika kwenye daftari. Wanachora mlima kila asubuhi kwa juma moja: leo umeonekana wote, kesho nusu, keshokutwa haupo. Wanapanda mbegu kwenye makopo. Wanaleta mzee mmoja awatajie majina ya miti kwa Kinande, na wanaandika. Daftari hilo la majina sasa lina kurasa nyingi kuliko daftari langu la madeni.

Msifikiri kwamba hayo ni michezo tu. Angalieni umeme. Kiwanda kidogo cha umeme cha Mutwanga, kilichoanza mwaka 2013, kinaendeshwa na maji yanayoshuka kutoka parki. Umeme huo umewasha taa majumbani, umeendesha mashine za kusaga na kiwanda cha sabuni. Msitu wa juu ukikatwa, maji yatakuja yote siku moja na kukauka siku inayofuata. Mtoto aliyewahi kuzamisha mkono kwenye kuvu ule wa msituni na kuukamua maji, anaelewa jambo hili bila hotuba. Ameona kwamba msitu ni sponji, na kwamba sisi tunakunywa kutoka kwake.

Angalieni pia theluji yenyewe. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika kilometa mraba 6 au 7 hivi. Leo haifiki kilometa mraba 1. Dunia inapata joto, na barafu ya ikweta inakwenda mbele ya nyingine. Si sisi tuliochoma mafuta mengi duniani, lakini ni sisi tutakaobaki na jina Rwenzururu, mlima wa theluji, bila theluji. Kwa hiyo ninapomwamsha mtoto wangu wa mwisho mwezi wa kwanza ili atazame juu, simwamshi kwa mapambo. Nataka awe shahidi. Siku moja wajukuu wake watamwuliza kama ni kweli, naye aweze kusema: "Niliona kwa macho yangu."

Na kuna jambo la kazi. Naamini wageni watarudi. Sijui siku, lakini mlima huu hauwezi kufichwa milele. Watakaporudi, nani atawapeleka? Zamani wanaume wetu walibeba mizigo, na akina mama tuliuza maharagi na ndizi kwa wabebaji. Ilikuwa kazi ya heshima, imenisomesha mimi. Lakini aliyelipwa zaidi ni yule aliyejua kueleza: huu ni mti gani, huyu ni ndege gani, mvua itakuja saa ngapi. Ujuzi huo haununuliwi siku wageni wanapofika. Unakusanywa polepole, Jumamosi baada ya Jumamosi, mwezi baada ya mwezi. Na mgeni hachagui mwezi mmoja tu. Wa mwezi wa kwanza na wa saba atapanda mpaka kwenye barafu. Wa mwezi wa nne atataka kuona ndege, kutembea kwenye kakao, kula uyoga uliopikwa na mama anayejua uyoga. Wa mwezi wa kumi na moja tutamkaanga senene. Kijiji kinachojua mwaka wake wote kinaweza kula mwaka wote. Kinachojua msimu mmoja kitalala na njaa miezi iliyobaki.

Na katika hao watakaoongoza, nataka wasichana wawemo. Binti yangu wa pili ana miaka 15. Ndiye anayetunza daftari la mvua, na ndiye anayetembea nyuma ya mstari wetu ili asibaki mtoto. Mwezi uliopita alinieleza kwamba anataka kuwa kiongozi wa wapanda mlima. Shangazi yake alikuwa karibu, akauliza: "Na nani atakuoa, wewe wa matope?" Binti akajibu kwa adabu: "Shangazi, atakayeweza kunifuata mpaka Kiondo." Tulicheka wote, hata shangazi. Mimi nilicheka, kisha nikaenda jikoni, nikatoa ile triko ya baba kwenye sanduku. Imetoboka kwenye viwiko. Nimeanza kuitengeneza.

Akina mama wapenzi, labda ninyi hamko Mutwanga. Labda mko Butembo kwenye vilima vya baridi, au Lubero, au Bukavu ambako mlima Kahuzi unaonekana, au mmekimbilia mahali ambapo mlima pekee ni lundo la takataka nyuma ya nyumba. Kila mahali pana mwaka wake. Anzeni na mti mmoja, na chupa moja ya kupimia mvua, na saa moja ya asubuhi ambayo usalama umehakikishwa. Waulizeni wazee majina kabla hawajaondoka nayo. Na mkifanya matembezi, leteni habari zake kwenye mkutano wa mwezi ujao, tuandike kalenda yetu wenyewe: mwezi gani, mahali gani, watoto walijifunza nini. Sisi wa Mutwanga tutaleta daftari letu.

Jumamosi inayokuja, chifu akitupa jibu zuri, tunaenda kando ya mto Lume. Mvua imeanza, kwa hiyo mwaka huu pia tutaanza na lile somo la rangi ya maji.